Mbegu zangu za maua ya porini zimeota ukungu kwenye kopo. Nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Naishi Marangu, Kilimanjaro. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiotesha maua ya porini pembeni mwa nyumba: lile la chungwa linalotambaa lenye jicho jeusi katikati, lile la vichwa vya miiba linalopendwa na ndege chozi, marejea ya maua ya njano, yale ya waridi ya kivulini ambayo tunda lake likiguswa linapasuka, na lile linalopanda uzio lenye petali kama ndimi za moto. Mwaka jana mwezi wa saba nilikusanya mbegu, nikazianika juu ya bati siku mbili, nikazifunga kwenye kopo la siagi. Nilipofungua mwezi wa kumi na moja nusu zilikuwa na ukungu. Baadhi ya zilizobaki nikazipanda, zikaota tatu tu. Zile za kupasuka sikuambulia hata moja. Jirani ananiambia maua ya porini hayakubali kuwekwa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie jirani yako kwamba maua hayo yalikuwa yakijiwekea mbegu zake mlimani hapo kabla hajazaliwa babu yake wala wangu. Yanakubali kuwekwa. Yasichokubali ni kufungiwa yakiwa mabichi, na hilo ndilo lililokupata.

Tatizo lako lote limo kwenye sentensi moja ya barua yako: mwezi wa saba, bati, siku mbili, kopo. Mwezi wa saba Marangu unaujua kuliko mimi. Ukungu umelala juu ya migomba hadi saa nne, jua linachungulia mchana, saa kumi baridi imerudi. Mbegu hata ikiwa imekauka inaendelea kuvuta na kuachia unyevu kulingana na hewa inayoizunguka, kama chumvi inavyoloa yenyewe kwenye kibakuli siku ya mvua. Kwa hiyo ukungu wa nje ndio uliozaa ukungu wa kwenye kopo. Bati nalo ni mtego: mchana linaunguza kiganja, mbegu inakauka ganda haraka na ndani bado ni mbichi, halafu jioni inanywa upya kila ilichoachia. Ukiishika inalialia kavu mkononi, nawe unasema tayari.

Hata mimi nimelipia somo hilo. Miaka ya mwanzo ya kitalu changu Tengeru nilikusanya mbegu za msimu mzima, nikazitoa juani zikiwa na moto wake, nikazimimina kwenye chupa ya kahawa na kukaza mfuniko. Asubuhi yake nikaona matone ya maji upande wa ndani wa kioo, madogo kama jasho la puani. Sikuyajali. Baada ya wiki tatu chupa ilinuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni, na mbegu zote zikaenda kwenye shimo la mboji. Tangu siku hiyo, nikiona tone moja tu kwenye kioo, namwaga zote kwenye ungo naanza upya.

Wataalamu wa mbegu wana kanuni moja rahisi, inayoitwa kwa jina la Harrington, mtafiti wa Marekani. Kila unyevu uliomo ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha ya mbegu yanaongezeka mara mbili. Na kila joto la mahali inapokaa likishuka kwa takriban nyuzi 5, yanaongezeka tena mara mbili. Ni kanuni ya kukadiria, wala haifanyi kazi kwenye mbegu zilizokauka mno au zilizo mbichi kabisa, lakini hebu piga hesabu uone. Mbegu ya unyevu wa asilimia 13 ikishushwa hadi 8, umezidisha mara mbili, mara tano: ni mara 32. Iliyokuwa ifie kwenye kopo ndani ya miezi mitatu, kwa hesabu ya karatasi ingefika miaka minane, na hujaigusa friji bado. Ndiyo maana benki kubwa ya mbegu za porini iliyoko Wakehurst, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 2000, hukausha kwanza kwenye chumba chenye unyevu wa hewa wa asilimia 15 na joto la nyuzi 15, ndipo ipeleke mbegu kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Anayeanza na baridi kabla ya kukausha anajisumbua.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningebadili msimu kwanza. Panga mavuno yako makubwa yaangukie Januari na Februari, joto likiwa kali na mvua za vuli zimekwisha, au mwishoni mwa Agosti na Septemba. Zinazokomaa Juni na Julai usiziache zipotee, zichukue, ila ujue kwamba hizo hazitakaushwa na jua la Marangu. Zitakaushwa na mkaa. Nitafika huko.

Sasa tuyapitie maua yako, kwa sababu kila moja lina tabia yake ya kuachia mbegu, na hapo ndipo watu wengi wanapokosa.

Nianze na lile la kivulini linalokushinda, Impatiens walleriana. Tunda lake halisubiri kukauka. Linapasuka likiwa bado la kijani, limejaa maji, na kuta zake tano hujikunja kwa ghafla kama chemchemi ya saa na kurusha mbegu. Wewe ulikuwa ukilisubiri ligeuke kahawia kama maharage, halitageuka kamwe. Tazama hivi: tunda changa ni jembamba na la kijani kilichokolea. Likikaribia, linanenepa katikati, rangi inafifia, na ukiliangalia dhidi ya mwanga unaona vivuli vya mbegu ndani. Hapo usilishike kwa vidole viwili. Lizungushie kiganja chote ufumbe, kisha ndani ya ngumi libonyeze kidogo na kidole gumba. Utasikia limejikunja mkononi kama mdudu. Fungua kiganja juu ya sahani nyeupe: za kahawia ndizo zilizokomaa, nyeupe na za kijani ni changa, zitupe. Kisha papo hapo toa vile vipande vya tunda vilivyojikunja, maana vina maji mengi kuliko mbegu zenyewe, na ukivianika pamoja umeanika mbegu kwenye kitambaa kilicholowa.

Na siku ya kuzipanda usizifukie. Zinataka mwanga ili ziamke. Nyunyiza juu ya udongo laini uliolowa, gandamiza kwa kiganja, funika kwa kioo au nailoni angavu uweke kivulini. Wiki mbili hadi tatu utaona kijani.

Angalizo moja hapo hapo. Kama karibu na maua yako ya porini umeotesha yale ya dukani ya aina hiyo hiyo, yenye maua makubwa ya rangi za kung'aa, nyuki na vipepeo hawajui mpaka. Mengi ya dukani ni chotara, na watoto wa chotara hawafuati mama. Ukitaka mbegu safi za porini, yatenge mbali, au funika matawi machache kabla ya maua kufunguka uyachavushe mwenyewe kwa kijiti chenye pamba. Mimi binafsi nimeyaondoa ya dukani kabisa. Ni suala la ladha, lakini la porini lina adabu yake.

Lile la chungwa lenye jicho jeusi, Thunbergia alata, nalo ni mrushaji, ila lenyewe hurusha likiwa kavu. Tunda lake ni kiduara chenye mdomo mrefu, utadhani kichwa cha ndege mdogo. Linaanza kijani, linageuka rangi ya majani makavu, halafu siku yenye jua linapasuka kwa mlio. Niliwahi kuyaacha kwenye ungo barazani, wazi, nikaenda kulala mchana. Tak! Tak! Nilipoamka mbegu nyingine ziko sebuleni chini ya kochi. Chukua kipande cha chandarua kilichokwisha kuchakaa, ukifue vizuri, ushone vifuko vidogo vya kufunga kwa uzi juu ya tawi lenye matunda yaliyoanza kupauka. Soksi nyepesi za akina mama nazo zinafaa. Usitumie nailoni isiyopitisha hewa, tunda litaoza humo kabla halijapasuka. Mbegu yake utaitambua: ina kishimo upande mmoja kama kibakuli.

La vichwa vya miiba, Leonotis nepetifolia, ndilo rahisi kuliko yote. Vichwa vya chini hukauka kwanza huku vya juu vikiendelea kuchanua, kwa hiyo usikate shina zima kwa pupa, chozi nao wana haki yao. Vaa glavu nene, maana ile miiba ikikauka inachoma kweli. Kata kichwa cha kahawia, kigeuze juu chini ndani ya ndoo, kigonge. Kila kikombe kidogo kina mbegu hadi nne, nyeusi-nyeusi, zenye pembe tatu. Kichwa kikavu hushika mbegu kwa muda mrefu, kwa hiyo hata ukichelewa wiki mbili hujapoteza kitu, ila mvua isikute. Na ukiziacha zote zimwagike, mwaka ujao utalipalilia hilo ua hadi mlangoni.

Marejea jinsi ya kuyajua ni kwa sikio. Tikisa ganda: likilia kama kayamba, limeiva. Adui hapo ni mdudu. Chambua moja moja, kila ganda lenye tundu liweke kando, kwa sababu mdudu mmoja akiingia chupani anakula akiba yote taratibu gizani. Mbegu zikishakauka kabisa, ziweke kwenye sehemu ya kugandisha ya friji siku tatu hadi nne ili waliojificha wafe; zikiwa bado na unyevu usifanye hivyo, utaziua zenyewe. Mbegu za marejea zina ganda gumu lisilopitisha maji, na ndiyo sababu wengi hudhani zimekufa. Siku ya kupanda zisugue kidogo kwa msasa, au zimiminie maji yaliyochemka ukiwa umeshayaepua na kuyaacha dakika chache, kisha ziache zilale humo usiku kucha. Zilizovimba asubuhi panda. Ambazo hazijavimba rudia msasa. Mabaki usiwape kuku, kwani baadhi ya aina za marejea zina sumu.

Tukiwa kwenye sumu: lile la ndimi za moto, Gloriosa superba, ni zuri hadi Zimbabwe wamelifanya ua la taifa, lakini lote ni sumu, kuanzia kiazi cha chini hadi mbegu. Sumu yake ni kolchisini, na imewahi kuua watu waliodhani wanakula kiazi kikuu. Tunda likikauka linapasuka pande tatu na kuonyesha mbegu nyekundu za mviringo, zinazofanana na peremende machoni pa mtoto. Kama una watoto au wajukuu wadogo hapo nyumbani, kata matunda kabla hayajapasuka, yakaushie mahali pa juu wasipofika, osha mikono, na andika SUMU kwenye bahasha. Kuota huchukua muda, mwezi na zaidi, wakati mwingine miezi kadhaa, na kutoka mbegu hadi ua ni miaka miwili au mitatu. Ukitaka haraka, gawa viazi vyake majani yakishanyauka. Mimi nazipanda mbegu kwenye kopo, nalisahau nyuma ya tangi la maji, siku moja nalikuta limeota.

Haya, tumefika kwenye kukausha.

Mbegu zikitoka bustanini zimwage kwenye gazeti au ungo, tabaka moja tu, ndani ya nyumba penye upepo, mbali na jua kali na mbali na moshi wa jikoni. Zigeuze kila siku kwa wiki moja. Kisha pepeta. Hapa sina cha kukufundisha, ungo umeujua tangu utotoni. Kwa zile ndogo za kivulini tumia kichujio cha chai na pumzi ya taratibu. Takataka hunyonya unyevu kuliko mbegu na ndizo zinazobeba mayai ya wadudu, kwa hiyo usione uvivu.

Ndipo ulete mkaa. Ponda mkaa wa kawaida uwe vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, uchekeche uache vumbi. Ukaange kwenye karai juu ya moto mdogo kama dakika ishirini, ukikoroga, usiwake, hadi unyevu wote utoke. Ukiwa bado wa moto umimine kwenye chupa kavu ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, funga, uache upoe humo humo. Ukipoa, weka kitambaa juu yake, kisha mbegu zako kwenye vifuko vya kitambaa au bahasha za kaki. Kipimo: mkaa uwe mara tatu ya uzito wa mbegu. Funga siku nne, toa mkaa, weka mwingine uliokaangwa, funga tena wiki moja. Mchele uliokaangwa hadi ubadilike rangi kidogo unafanya kazi hiyo hiyo, ila mimi naona mchele una kazi nyingine nyumbani. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitegemee vilivyo. Vimeshakunywa hewa ya dukani miezi mingi.

Utajuaje zimekauka? Kwa mbegu kubwa kama marejea, chukua chache, ziweke na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi karibu asilimia 15. Isipoganda usishangilie sana, maana kipimo hicho kinakuambia hazijafaa tu, hakikuambii zimefika asilimia 8. Kwa hiyo ongeza na hiki: mbegu nyembamba ikunje kwa kucha. Ikipinda bado, ikikatika kwa mlio imekubali. Nene igonge kwa nyundo. Ipasuke vipande, isibonyee.

Baada ya hapo kila aina na bahasha yake. Andika kwa penseli, wino hufutika: jina, tarehe, mahali ulipochuma. Bahasha zote kwenye chupa ya kioo, si kopo la siagi, kwani mfuniko wake hupitisha hewa polepole. Kipande cha mkaa mkavu kwenye kifuko chini. Chupa ikae nyuma kabisa ya friji, siyo mlangoni ambako kila anayechukua maji anaipasha joto. Huna friji, au umeme wenu ni wa kuja na kuondoka? Chini ya kitanda, upande wa ukuta usiopigwa na jua, kwa baridi ya Marangu panatosha miaka kadhaa. Na ukiitoa kwenye friji usifungue mara moja. Iache mezani saa kadhaa ipate joto la chumba, la sivyo hewa ya nje itatoa umande juu ya mbegu na kazi yote ya mkaa imeharibika kwa dakika moja.

Kuhusu kuchuma nje ya bustani yako. Najua mtu akishaonja haya macho huanza kupanda mlimani, na huko juu kuna lile dogo jekundu lenye mkonga kama wa tembo, Impatiens kilimanjari, ambalo duniani kote asili yake ni mlima wenu tu. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kuchuma chochote bila kibali, hata mbegu. Wala si ukorofi wa askari. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau la kwenye miamba. Mwaka 1893 likapewa jina la familia yake, Saintpaulia, na leo linauzwa kwenye madirisha ya nyumba dunia nzima, huku kwao Usambara misitu linakoota ikizidi kupungua. Mbegu ni kitu chepesi, kinaingia mfukoni. Pembeni mwa barabara au kwenye shamba la mtu aliyekuruhusu, chuma, ila usizidishe moja ya tano ya mbegu zilizoiva siku hiyo, na uchume kidogo kidogo kwenye mimea mingi badala ya kumaliza mmoja, ili kizazi kijacho kisiwe cha ndugu watupu.

Usilete nyumbani gugu karoti kwa sababu tu lina vimaua vyeupe, wala ile alizeti mwitu ya njano inayopendeza kandokando ya barabara. Zote ni wageni kutoka Amerika na hazijui kukaa kona moja.

Mwisho, zile zilizosalia kwenye kopo usizitupe kabla ya kuzipima. Chambua zenye ukungu uzitoe, nyingine hesabu ishirini za kila aina, zipange juu ya kitambaa kilicholowa kwenye sahani, funika, weka mahali penye joto, hesabu zinazoota kwa wiki tatu. Zikiota 14, una asilimia 70, hongera. Zikiota mbili, panda zote mwaka huu kwa wingi, zisikae tena. Marejea yapitishe kwanza msasani, kwa sababu ganda lake gumu huenda ndilo lililoyaokoa, na zile tatu zako zilizoota ningebahatisha kusema zilikuwa marejea. Niandikie kabla masika hayajaanza, uniambie kama nimepatia.